Nani Anamgusa Kapitao?

Alhamisi, 15 Novemba 1951

Daftari hili ni la Kefa Simbeye, fundi baiskeli wa Tunduma, niliyefika darasa la tatu na kuiona Nkana, Kitwe na Elizabethville kwa macho yangu mwenyewe. Naandika kwa amri. Aliyeamuru ni binti yangu Ferista, miaka tisa, ambaye leo asubuhi amepanda lori la Lwitiko kwenda kulazwa hospitali ya misheni kule Mbozi. Mfupa wa mguu una usaha ndani. Daktari anasema hatatoka mpaka mvua ziishe. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikasingizia vumbi la lori.

Amri yenyewe ni hii: "Baba, nikirudi nimkute Kapitao mzima. Na uandike anaendeleaje, halafu utanisomea yote. Usiruke hata ukurasa."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi niliyeishi na kapitao wa kweli, msimamizi wa zamu mgodini, miaka sita, nishindwe na kambale?"

Maana Kapitao ni kambale. Ferista alimkuta kwenye dimbwi la bondeni mwaka jana, ana urefu wa kidole, akamchota kwa kikapu. Sasa ana urefu wa pampu yangu ya baiskeli. Kichwa kipana, masharubu manane, tabia ya kuzunguka bila kusema neno: ni yule yule kapitao wa zamu yetu kule Nkana, ila huyu hakuandiki jina. Anakaa sebuleni, ndani ya sanduku la kioo ambalo zamani lilikuwa la mikate dukani kwa Mhindi. Viungo nimeviziba mwenyewe kwa lami ya kambi ya barabara. Kutoka hapa mpaka Mbeya hakuna nyumba nyingine yenye samaki anayeishi na watu, hata ya Mzungu.

17 Novemba

Kapitao kala minyoo sita. Mzima. Jua kali.

21 Novemba

Mzima. Pancha tatu, zote za watu wa ng'ambo ya mpaka.

Jumapili, 25 Novemba

Nyumba imekamilika. Bati la mwisho limepigiliwa jana, na leo tumerudi kanisani tukaliona linawaka tangu mbali. Nimeweka na mfereji wa bati, na chini yake pipa jipya la bati. Sasa mvua inyeshe tu.

Jirani yangu Jairo kaja kukagua. Jairo tulilala chumba kimoja kompaundi ya Nkana, kambi ya wachimbaji. Kazunguka nyumba mara mbili, mikono nyuma, kama Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya.

"Mulishani, Bwana Bati?" kasema, kwa salamu yetu ya kule mgodini. "Mvua ikipiga utalalaje? Si utadhani umefungiwa ndani ya ngoma?"

"Afadhali ngoma kuliko kiota," nikamjibu, maana yeye bado yuko kwenye nyasi.

Kachungulia sanduku. "Na huyu anaiva lini? Teresia ana nyanya nyingi mwaka huu."

Teresia ni mkewe. Tukacheka wote. Nayaandika maneno hayo kama yalivyo.

Na jingine. Mama mkwe amefika kutoka Ivuna kumsaidia mke wangu Enesi na kitoto chetu Luka, kina mwezi mmoja. Kaja na fuko la chumvi ya kwao, amepewa jiko la nyuma alale. Mimi na yeye hatuonani. Ndivyo ilivyo kwetu: mpaka mume atoe jembe jipya na shuka la kuifungua aibu, mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Nimemwoa Enesi miaka kumi na moja na jembe sijatoa. Kwanza nilikuwa Nkana. Pili, mimi ni mtu wa dunia, huwaambia watu kwamba kukimbiana na mkwe ni mambo ya kale. Lakini juzi nimekutana naye njia ya choo, nikajirusha kwenye migomba mpaka suruali ikachanika. Uso wake siujui. Namjua miguu tu, kwa kuwa daima nimeinamisha macho. Mguu wa kulia hauna kidole kidogo, na kidole cha pili kimepanda juu ya cha tatu, kama mtu anayechungulia juu ya bega la mwenzake.

Jumapili, 2 Desemba

Mvua! Bati linapiga makofi, pipa limejaa saa moja tu. Nimemwaga maji yote ya kijito kutoka kwenye sanduku, nikamjazia Kapitao maji ya mvua. Meupe kabisa, hayajakanyagwa na ng'ombe wa mtu. Wapita njia wameitwa kuja kuona.

4 Desemba

Kapitao hajala. Kajibanza pembeni.

Alhamisi, 6 Desemba

Kapitao anaumwa. Ngozi imeota utelezi mweupe kama kapakwa uji. Kila mara anapanda juu kuvuta hewa. Kambale hupanda, najua, lakini si namna hii, kama mtu aliyepandishwa mlima na mzigo. Ncha za masharubu zimejikunja.

Nimepima ugonjwa: ni homa. Nimesaga nusu kidonge cha kwinini nikatia. Nimempulizia na hewa kwa pampu ya baiskeli, mapovu tele, naye kakimbilia pembeni. Nadhani kwa furaha.

Enesi kasema, "Baba Ferista, mama anasema maji ya bati si ya samaki. Tuchote ya kijitoni."

Nikamwambia, "Mwambie mama yako bati halijaisema nyasi, nyasi nazo ziliache bati."

Nimecheka mwenyewe. Enesi hakucheka.

Jumapili, 9 Desemba

Kapata nafuu! Utelezi umepungua, kala minyoo miwili. Kwinini imefanya kazi. Nimewaeleza wateja wote, na mmoja kaniuliza kama natibu na mbuzi.

Ila kuna jambo. Maji ya sanduku niliyoyaacha meupe yana rangi ya udongo kwa mbali. Na ukingoni mwa kioo kuna punje nyeupe. Nimeonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Nani kagusa sanduku la mwanangu?

14 Desemba

Mvua kubwa. Nimebadilisha maji yote, nimetia ya pipa, meupe kama machozi.

16 Desemba

Hali chakula. Utelezi umerudi.

17 Desemba

Nimeongeza kwinini, kidonge kizima. Lwitiko akipita na lori kaniuliza amwambie nini Ferista. Nikasema, "Mwambie Kapitao anamsalimu." Samaki mwenyewe alikuwa amelala ubavu.

20 Desemba

Kala! Lakini maji yana rangi tena, na punje ziko tena ukingoni. Kwinini haina chumvi. Kuna mtu anaingia nyumbani mwangu nikiwa kibandani kwa baiskeli za watu.

Nimefikiri sana. Nani anamtaka Kapitao? Nani aliuliza anaiva lini? Nani ana nyanya? Mtu mwenye nyanya anatafuta nini tena, kama si chumvi? Anamkolezea akiwa hai! Siku akifa, samaki tayari kaingia chumvi mpaka kwenye mfupa.

25 Desemba

Krismasi. Jairo kaleta mguu wa mbuzi. Nimeupokea. Nimemwangalia mikono.

Jumapili, 30 Desemba

Leo nimeyasema. Mvua ya Ijumaa ilijaza pipa, nikabadilisha maji, na leo sharubu moja la Kapitao limekatika, linaelea kama uzi. Nilikuwa kibandani na watu wanne wakati Jairo alipokuja kuomba spana.

"Spana ya nini?" nikamwuliza. "Si useme unataka sufuria?"

"Sufuria ya nini tena, bwana fundi?"

"Ya kambale. Unadhani sijui? Unaingia kwangu nikiwa hapa, unamtia chumvi samaki wa mtoto mgonjwa. Kule Nkana uliniibia sabuni, nikanyamaza."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wetu wa kila siku. Jairo naye alianza kucheka. Kisha akaniona nisivyocheka.

"Sabuni tulioga wote, Kefa. Wewe ndiye uliyekuwa unanuka zaidi." Spana alikuwa ameshaiokota benchini, akaiweka chini polepole. "Mapafu yako yalipojaa maji, nani alikubeba mgongoni mpaka hospitali ya kompaundi? Leo mimi ndiye mwizi wa kambale?"

Akaenda zake. Chai aliyokuwa amewekewa na Enesi imepoa pale pale juu ya benchi.

Mimi nasema mtu asiye na hatia hakasiriki hivyo.

Jumanne, 1 Januari 1952

Mwaka mpya. Jairo hakupita. Kapitao kapata nafuu kidogo. Na punje ziko ukingoni.

8 Januari

Hapa pana fumbo. Tangu tulipogombana Jairo hakanyagi kwangu, hata njia kaibadili. Lakini leo maji yana rangi tena. Au anamtuma mtu? Nawaangalia wote. Mtoto wa karani wa forodha kasimama dirishani nikamfukuza. Mhindi kauliza hali ya sanduku lake nikamwuliza kwa nini anauliza.

12 Januari

Mvua. Maji mapya ya pipa. Mtego nimeshaufikiria.

Jumapili, 20 Januari

Nikae niandike pole pole.

Baada ya kanisa nilichekecha majivu laini, nikayamwaga sakafuni mbele ya sanduku, nikayasawazisha kwa ufagio. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mama Ferista, naenda forodhani mpaka jioni!" Nikafika kwa Mhindi tu, nikakaa juu ya gunia, nikarudi baada ya saa moja kwa njia ya migombani.

Maji yamebadilishwa, nusu sanduku. Punje ziko ukingoni. Na katika majivu kuna nyayo. Si za kiatu cha Jairo. Si za mtoto. Ni nyayo za mwanamke, ndogo, na wa kulia hauna kidole kidogo, na cha pili kimekaa juu ya cha tatu.

Mtu mwingine yeyote angehitaji kuuliza. Mimi hizo nyayo nimezitazama miaka kumi na moja.

Mama mkwe! Tangu aje ndipo Kapitao alipoanza kuumwa, ona tarehe. Alisema maji ya bati hayafai, yaani analichukia bati langu, na sasa anahakikisha samaki afe ili maneno yake yatimie. Na ni samaki wa mjukuu wake aliye kitandani!

Kumwendea siwezi. Kumwuliza siwezi. Nikasimama nje, nikautazama ukuta wa jiko, nikasema na ukuta:

"Wewe ukuta, kuna mtu humu anakula chakula changu na kumtilia chumvi samaki wa mtoto. Mtu huyo ana moyo gani? Kama kaja kulea, alee. Kama kaja kuua, kwao Ivuna kuna njia."

Ndani nilisikia kitoto Luka kikitulizwa, sh, sh, sh.

Enesi alitoka mbio. "Baba Ferista, unasema na nani?"

"Na ukuta."

"Ukuta huo una masikio kuliko wewe," akasema, akaingia ndani akafunga mlango.

Saa nane hivi nilikuwa kibandani nikaona miguu ile inapita barabarani, kidole cha pili juu ya cha tatu, tope mpaka vifundoni. Niliinamisha macho kama kawaida. Mzigo juu ya kichwa sikuuona, niliona kivuli chake tu. Njia ya Ivuna mto umejaa, haupitiki. Jioni nikaambiwa kapokewa kwa Jairo.

Basi! Wote wawili walikuwa kitu kimoja.

23 Januari

Sasa hakuna wa kumgusa. Nimemwaga maji yote, nimesugua kioo, nimejaza maji ya pipa. Atapona.

26 Januari

Hajala. Nimebadilisha tena kusafisha masalia ya chumvi. Mvua kila siku, maji ya pipa tele.

29 Januari

Sharubu la pili limekatika.

2 Februari

Enesi ananipa ugali bila salamu. Kapitao hajala siku kumi. Nimebadilisha maji.

Alhamisi, 7 Februari

Pale mpakani bendera imeshushwa nusu. Redio imesema Mfalme wa Uingereza kafariki. Wazee wananiuliza mimi, mtu wa dunia, nini kitafuata. Nikasema nitawaambia kesho. Akili yangu yote iko kwenye sanduku: Kapitao amelala ubavu, tumbo juu kidogo, anavuta hewa mara moja, kisha kimya kirefu.

Ijumaa, 8 Februari

Lwitiko kaleta barua. Ferista kaandikiwa na nesi:

"Baba, wamenifungua mfupa mara ya pili. Wakinisafisha kidonda nafumba macho, namwona Kapitao, nahesabu masharubu yake polepole, moja, mbili, mpaka nane. Nikifika nane wanakuwa wamemaliza. Usiache kuandika."

Lwitiko alikuwa anasubiri jibu, injini inanguruma. Nikaingia ndani kumhesabu Kapitao. Matano, la tatu nalo limekatika.

Nikatoka nikamwambia Lwitiko, "Mwambie manane." Kaniangalia. "Manane, mzee?" "Manane! Wewe endesha gari."

Jumapili, 10 Februari

Kanisani sikwenda. Nilikaa sakafuni mbele ya kioo nikampulizia kwa pampu mpaka bega likauma. Enesi kaja na mtoto mgongoni, akasimama.

"Mama alikuwa akimponya," akasema.

"Kwa chumvi?"

"Kwa chumvi na maji ya kijito. Akiingia wewe ukitoka, kwa sababu ukiwapo haingii. Angepita wapi? Maji ya bati nilikwambia mwezi wa kumi na mbili, ukanicheka."

"Hukuniambia."

"Wewe si msomi? Daftari si unalo? Soma."

Nikalifungua ili nimwonyeshe kwamba hakuniambia. Tarehe 6 Desemba. Kaniambia. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, na chini yake nimeandika kwamba nimecheka.

Basi nikaanza tena mwanzo, kidole juu ya mstari kama darasa la kwanza. Kabla ya bati: mzima, mzima, kala sita. Tarehe 2 Desemba maji ya pipa. Tarehe 4 hajala. Tarehe 9 maji yana rangi, kala. Tarehe 14 maji ya pipa, 16 hajala. Tarehe 20 maji yana rangi, kala. Nikaruka Januari, ni hivyo hivyo. Kila nilipofanya mimi, aliumwa. Kila "alipoguswa", alikula. Na tangu mguu ule uondoke hajaguswa na mtu ila mimi, na tazama alivyo.

Nimesoma mara tatu. Kwinini nimeisoma kila mahali nikitafuta ipate heshima hata kidogo. Haina.

Nimekwenda kijitoni mwenyewe na ndoo ya mbao, mchana kweupe, watu wananitazama. Nimetoa nusu ya maji yake, nimetia nusu ya kijito. Chumvi sikuthubutu. Sijui kipimo, na anayejua nimemfukuza.

Lakini mimi siamini vitu hivi hivi. Nimechota viluwiluwi ishirini. Kumi nimeweka kwenye chupa ya maji ya pipa, kumi kwenye chupa ya maji ya kijito, nimeziweka dirishani pamoja.

12 Februari

Chupa ya kijito: kumi wanaogelea. Chupa ya pipa: wawili, na hao wawili nisingewaandikia barua ya kazi.

Bati langu.

Jumatano, 13 Februari

Jembe jipya nilikuwa nalo tangu mwaka juzi, nyuma ya mlango, bado na karatasi yake. Shuka nimechukua kwa Mhindi. Lakini jembe halipelekwi na mwenyewe. Linahitaji mtu wa kati, na mtu wa kati awe rafiki wa mume. Mimi rafiki ninaye mmoja.

Nilisimama nje ya nyumba ya nyasi kama karani wa kodi. Jairo alikuwa anachonga mpini.

"Kuna mtu kapotea njia," akasema bila kuinua kichwa.

"Jairo, nimekuja na spana uliyoomba."

"Sikuiomba tena."

"Nimekuja na jembe pia."

Hapo akainua kichwa. Akaliangalia jembe, akaniangalia mimi. "Miaka kumi na moja," akasema. "Teresia! Njoo umwone mtu wa dunia kabeba jembe la mkwe!" Kisha uso ukabadilika. "Samaki yukoje?"

Nilikohoa. Akanipokonya jembe na shuka, akaingia nazo ndani. Nikasikia sauti yake ya utani imekwisha, anasema vizuri, kwa taratibu, kama mtu mzima. Nikaitwa. Nikaingia nimeinama, nikaiona ile miguu, nikapiga magoti mbele yake. Kidole cha pili juu ya cha tatu. Jairo akasema, "Sasa tazama."

Nikatazama. Ni Enesi yule yule, ila mvi, na jino moja la mbele limevunjika. Macho yanacheka kabla ya mdomo.

"Kumbe sura yako ya kawaida tu, mkwe wangu," akasema. "Kwa maneno niliyokuwa nasikia ukutani, nilitegemea jitu."

Jairo akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. Mimi, ambaye maneno hayanipigi chenga hata kwa Wazungu, nikasema tu, "Mama, masharubu yamebaki matano."

Akasimama papo hapo, akachukua fuko lake.

Njiani kanieleza, tunatembea pamoja barabarani na watu wanashangaa. Kwao Ivuna mfanyabiashara mmoja alileta mapipa mapya ya bati ili apeleke kambale hai kwenye migodi ya dhahabu ya Saza. Walikufa wote njiani, ngozi nyeupe kama uji. Mwaka wa pili mapipa yaliposhika kutu na tope, hawakufa. "Bati jipya linatoka jasho," akasema. "Likizeeka linaacha. Kama vijana."

Nyumbani kaosha mikono, kapima chumvi kwa kiganja chake, si kilichojaa, kiasi cha kufunika mistari tu. Kaiyeyusha kwanza kwenye kibuyu cha maji ya kijito, kaimimina pembeni, mbali na kichwa cha samaki. Kafunika kioo kwa jamvi, nusu, apate giza na pumzi. Kila siku maji kidogo yatoke, kidogo yaingie, si yote kwa mpigo.

"Na lile dude la baiskeli," akasema, "weka kando. Umemtesa kwa upepo."

"Na kwinini, mama?"

"Kwinini kunywa wewe."

17 Februari

Yuko hai. Hajala.

20 Februari

Kanyanyuka, kakaa kwa tumbo. Jairo kanywa chai yake kibandani, vikombe viwili, kasema kimoja ni cha tarehe 30 Desemba.

24 Februari

Kala mnyoo mmoja! Nimewaambia wote hata wa ng'ambo. Nimesema ni dawa ya mkwe wangu. Niliyasema kwa majivuno, lakini angalau nilisema jina la mwenye dawa.

9 Machi

Kala minne. Utelezi umekwisha. Penye masharubu yaliyokatika kuna vinundu vinachomoza.

21 Machi

Mvua zinapungua. Pipa nimelivuta kibandani, nazamishia mipira nitafute pancha.

Jumamosi, 12 Aprili

Ferista amerudi. Lwitiko kamshusha kama yai. Ana mkongojo, mguu umekuwa mwembamba, lakini kidonda kimefunga, kimekauka. Hakunisalimu mimi wala mama yake. Kaenda moja kwa moja kwenye kioo, tok, tok, tok, akainama, akaanza kuhesabu kwa kidole. Wote tulisimama nyuma yake: Enesi na Luka, mama mkwe, Jairo na Teresia. Nilihisi kama nasubiri hukumu bomani.

"Moja. Mbili. Tatu." Kapitao alikuja mwenyewe mpaka kwenye kidole chake. "Saba." Akasogea karibu. "Na hili fupi. Baba, hili limefanya nini?"

"Limo daftarini," nikasema.

"Basi soma."

Mapema leo nilikuwa nimeshika ukurasa wa tarehe 20 Januari kati ya vidole viwili. Karatasi ya daftari hili ni laini, inachanika vizuri bila alama. Mama mkwe hajui kusoma, Enesi hapendi kusema, na Jairo angenyamaza kwa chai. Nikauachia. Niliahidi kutoruka.

Nikasoma yote, mvua ndogo ya mwisho inagonga bati juu yetu. Kwenye nyanya walicheka. Kwenye sabuni Jairo akasema, "Ongeza kwamba ulikuwa unanuka." Nikafika kwenye ukuta. Nikasoma kila neno. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani akiniangalia usoni, kama anavyofanya siku hizi, na mimi safari hii ningependa nitazame miguu.

Nikamaliza. Ferista kafikiri.

"Baba, umeandika mambo ya chupa, na jembe, na bati. Mbona hakuna mahali ulipoandika kwamba ulimwonea bibi?"

Nikapekua. Kweli hakuna.

"Na Mzee Jairo."

"Hata yeye hayupo," nikasema.

"Sasa andika." Kanipa kalamu, kasimama kwa mkongojo juu ya bega langu ahakikishe.

Nilimwonea mama mkwe. Nilimwonea Jairo.

Kapitao kala minyoo mitano kutoka mkononi mwa Ferista. Mzima.